Kumchagulia mtoto vitabu vya majira ya vuli: mwongozo kamili kwa wazazi Waswahili walioko Marekani

Ikifika wiki ya pili ya Oktoba, rafu ya vuli kwenye maktaba ya watoto huwa imeshakombwa. Kinachosalia ni vitabu viwili vitatu vya maboga vyenye kurasa zilizolegea, na kimoja cha popo ambacho hakuna aliyekitaka. Mzazi aliyekuja na karatasi ya mwalimu, inayotaka mtoto asome nyumbani kitabu cha majira haya, huchukua alichokikuta. Usiku huohuo inadhihirika kuwa kitabu ni kigumu, au ni cha kitoto mno, au kinasimulia mambo ambayo mtaa wao hauna.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayezungumza Kiswahili nyumbani na mwenye mtoto kati ya darasa la awali na la tano katika shule ya Marekani. Walioko Kanada na Ulaya watabadilisha tarehe na sikukuu. Mengine ni yaleyale. Kipimo kimoja kinatangulia vingine vyote: kitabu cha vuli kinafaa ikiwa mtoto anaweza kukifunga, akaenda dirishani na kuona angalau kitu kimoja kilichosemwa humo, na ikiwa wewe unaweza kukizungumzia kwa Kiswahili bila kukwama. Kisichofaulu hapo, hata kikiwa na medali ya dhahabu kwenye jalada, kiache.

Anza na vuli ya mlangoni kwako

Kwa kalenda, vuli ya kaskazini mwa dunia huanza tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana, na huisha tarehe 21 au 22 Desemba. Miti ina kalenda yake. Kaskazini mwa Minnesota majani hufikia kilele cha rangi mwishoni mwa Septemba, Vermont ni mwanzoni hadi katikati ya Oktoba, na Kentucky ni mwishoni mwa Oktoba au hata Novemba. Phoenix na Houston mtoto anaweza kuiona Novemba akiwa bado kwenye kaptula, na miti mingi ya mtaani ikiwa kijani.

Tatizo ni kwamba vitabu vingi huchorwa kana kwamba Marekani nzima ni Vermont: vilima vyekundu, ghala la mbao, sweta, moshi ukifuka juu ya paa. Mtoto wa Houston akisoma vitatu vya namna hiyo huamini vuli ni kitu cha kwenye picha, au kwamba kwao kuna kasoro.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda maktaba tembeeni mtaani dakika 15, naye mtoto aandike au achore vitu vitano alivyoona. Minneapolis vinaweza kuwa kindi akifukia mbegu, bata bukini wakiruka kwa mstari wa pembe, jalidi kwenye kioo cha gari asubuhi, majani ya manjano, na maboga mbele ya duka. Texas vinaweza kuwa vipepeo vya monarch wakipita Oktoba kuelekea Mexico, kokwa za pekani zinazodondoka, na jua linalozama mapema. Orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo maktaba.

Neno vuli lenyewe

Kwa watu wa pwani na kaskazini mashariki mwa Tanzania, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Wafasiri wamelichukua neno hilo kwa majira ya Ulaya na Marekani kwa sababu miezi inalingana, na limekaa. Lakini maana zake zinapishana. Vuli ya Muheza ni udongo kulowa na watu kupanda. Vuli ya Ohio ni mimea kukauka na mashamba kuvunwa. Mtoto akimwambia bibi yake kwenye simu kwamba huku ni vuli, bibi atauliza kama mvua zimenyesha vizuri. Mwekee sawa mapema: vuli ya huku ni wakati majani yanapopukutika. Kwa familia zilizotoka Uvira, Bukavu au Bujumbura, ambako neno vuli halina mazoea, anza moja kwa moja na "majira ya kupukutika majani".

Sisitiza neno pukutika. Jani moja huanguka. Majani ya mti mzima hupukutika. Kiingereza cha Marekani kinatumia neno lilelile, "fall", kwa majira na kwa kuanguka, na ndiyo maana tafsiri za mashine huandika "msimu wa kuanguka", kana kwamba kuna mtu amejikwaa. Ukiyaona maneno hayo kwenye jalada la kitabu cha lugha mbili, kirudishe rafuni bila kufungua.

Weka oda mapema

Wiki ya mwisho ya Agosti ingia kwenye tovuti ya maktaba yako na uweke oda. Muda wa kuazima kwa kawaida ni wiki 3, na huwezi kuuongeza iwapo mtu mwingine amekiombea kitabu hicho. Kwa vitabu vya vuli, huyo mtu mwingine karibu kila mara yupo. Panga basi mikupuo minne ya wiki tatu tatu, kuanzia mwanzoni mwa Septemba:

- Septemba mwanzoni: kurudi shuleni, matofaa, mchana kufupika.
- Septemba mwishoni: majani na miti, ndege na vipepeo wanaohama.
- Oktoba katikati: maboga, mavuno, na Halloween kwa wanaoisherehekea.
- Novemba: Siku ya Shukrani, wanyama wanavyojiandaa kwa baridi, giza la mapema.

Vitabu vinne kwa mkupuo vinatosha kabisa. Wazazi wenye bidii hubeba kumi na tano, mtoto akafungua vitatu, na vingine vikakaa chini ya kitanda hadi barua ya maktaba ije.

Kutafuta kwenye katalogi kuna mtego wake. Ukiandika "fall" utaletewa maporomoko ya maji na kuanguka kwa falme. Ukiandika "autumn" utaletewa pia riwaya ambazo mhusika wake anaitwa Autumn. Andika jina la kitu kutoka kwenye orodha ya mtoto, kisha chuja kwa vitabu vya watoto. Au nenda kwenye rafu na kufuata namba za mgongo wa kitabu. Majira yako 508.2, dunia na jua 525, miti 582.16, vipepeo 595.78, ndege 598, matofaa 634, maboga 635, sikukuu 394.26, hadithi za jadi 398.2, mashairi ya Kimarekani 811. Vitabu vya picha vya kubuni hukaa peke yake, mara nyingi kwa alama ya E, vikipangwa kwa jina la ukoo la mwandishi. Kila mtu hukimbilia E. Rafu ya 582 huwa imejaa hata katikati ya Oktoba.

Mkutubi naye mwambie kitu mahususi. "Naomba kitabu cha kindi, chenye picha za kamera, cha mtoto wa darasa la pili" kitakupa kitabu ndani ya dakika mbili. "Naomba kitabu cha vuli" kitakupeleka kwenye meza iliyokwisha kukombwa.

Kiwango: hapa ndipo wengi hukosea

Shule nyingi humpa mtoto herufi au namba ya kiwango cha kusoma, na mwalimu akiulizwa huitaja. Herufi hutoka A hadi Z. Kwa makadirio ya kawaida, mtoto anamaliza darasa la kwanza akiwa J, la pili M, la tatu P, la nne S, la tano V. Namba hizo, za kipimo kiitwacho Lexile, huandikwa na L mwishoni, mfano 480L. Angalia kama mbele ya namba kuna herufi AD. Maana yake kitabu kimekusudiwa mtu mzima amsomee mtoto, hata kama kina picha kubwa na kurasa 32 tu. Vitabu vingi vizuri vya picha vya vuli viko kwenye kundi hilo, kwa sababu waandishi wake hupenda lugha ya kishairi: majani "yananong'ona", upepo "unachokoza". Mtoto anayeanza kusoma akipewa kitabu cha AD peke yake hukwama ukurasa wa tatu, na mzazi hudhani mtoto hajui kusoma.

Kama huna herufi wala namba, tumia vidole vitano. Mtoto afungue ukurasa wa katikati wenye maandishi ya kutosha, asome kwa sauti, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Kikikunjwa kimoja au hakuna, kitabu ni chepesi, kinafaa kusoma peke yake kabla ya kulala. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne, msome pamoja. Vitano, subirini mwakani. Usipime kwa ukurasa wa kwanza, maana ukurasa wa kwanza mara nyingi huwa mwepesi kuliko kurasa nyingine.

Kwa kila mkupuo chukua aina mbili: vya kusoma mwenyewe na vya kusomewa. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusoma peke yake kitabu chenye maneno 5 hadi 15 kwa ukurasa, lakini akisomewa ataelewa habari ya safari ya kipepeo hadi milima ya Michoacán huko Mexico. Ukimpa aina ya kwanza tu, atachoka na "hili ni boga, boga ni kubwa" kabla Oktoba haijaisha.

Kuna mtoto wa namna nyingine anayehitaji uangalifu zaidi: aliyefika Marekani akiwa na miaka tisa au kumi, yuko darasa la nne, lakini Kiingereza chake ni cha darasa la kwanza. Herufi yake itakuelekeza kwenye vitabu vya dubu mwenye skafu. Usivichukue. Wenzake watavicheka, na yeye mwenyewe ataona aibu kuvitoa kwenye begi. Kwa mtoto huyu tafuta vitabu vya maarifa vyenye picha za kamera, sentensi fupi, na maneno yaliyoandikwa kando ya picha kwa mishale: sehemu za jani, hatua za kukua kwa boga, ramani ya safari ya ndege. Ukurasa wa namna hiyo hauna umri. Vitabu vya katuni vya sayansi pia hufaa, kwa sababu picha hubeba nusu ya maana. Hakikisha tu kwamba maneno magumu yana sherehe, yaani maelezo ya maana zake, mwishoni na kwamba kuna fahirisi. Mtoto mkubwa hupenda kuruka moja kwa moja hadi anachokitaka.

Pima ukweli wa sayansi kwa dakika tano

Kitabu cha picha si lazima kiwe cha sayansi, lakini kikidai kueleza, kieleze sawasawa. Makosa haya ndiyo yanayojirudia, na kila moja lina ukurasa wake wa kuangalia.

Sababu ya majira. Dunia imeinama kwa takriban nyuzi 23.5, na kuinama huko ndiko kunakoleta majira. Kitabu kinachosema kuna baridi kwa sababu tuko mbali na jua kimekosea: dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari. Habari hii ina uzito wa pekee kwa familia iliyozoea karibu na ikweta, ambako mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Minneapolis mchana wa Juni unapita saa 15, na wa Desemba haufiki saa 9. Kisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, katika sehemu nyingi za Marekani, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mtoto anatoka shule jua linazama. Kitabu kinachoeleza giza hilo ni muhimu kuliko vitatu vya maboga, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Rangi ya majani. Kitabu kizuri kitasema usiku unaorefuka ndio unaoupa mti ishara. Umbijani, yaani kile kinacholipa jani rangi ya kijani, huvunjika na kuondoka kwenye jani, na rangi ya manjano iliyokuwamo tangu mwanzo huonekana. Nyekundu ni habari nyingine: miti kama mepo (maple) huitengeneza wakati huohuo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na hukolea pale mchana unapokuwa na jua na usiku ukawa na ubaridi usiofikia kugandisha. Jani halivutwi na upepo tu. Mti hujenga utando wa seli kwenye kitako cha kikonyo, na jani hukatika hapo. Kitabu kikisema jalidi ndiyo iliyopaka rangi, kisome kama ngano, si kama maarifa.

Hapa mzazi ana hazina ambayo mwandishi wa Boston hana. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili kuhifadhi maji. Mti wa kaskazini hufanya karibu jambo lilelile, kwa sababu maji ya udongo ulioganda hauwezi kuyafyonza vizuri. Na aliyekulia kwenye misitu ya miombo, Tabora au Katanga, ameona vilima vikiwa vyekundu mnamo Agosti na Septemba, kabla ya mvua. Huko wekundu ni wa majani machanga yanayozaliwa. Mwekee mtoto picha hizo mbili kwenye simu kando ya kitabu, na umuulize ni lipi linakuja na lipi linaondoka.

Wanyama. Kindi wa kijivu wa mitaani halali majira yote ya baridi. Hutoka, na hutafuta mbegu alizofukia kwa kukumbuka na kwa kunusa. Kitabu kinachomlaza kitandani pamoja na dubu hadi majira ya kuchipua kimechanganya mambo. Kwa monarch, angalia kama kitabu kinaeleza kwamba kizazi kinachosafiri kwenda Mexico ni tofauti na vile vya kiangazi: hiki huishi hadi miezi minane, wakati vya kiangazi huishi wiki chache tu. Kwa familia zilizoko Ulaya, kitabu cha mbayuwayu au korongo mweupe ndicho cha kwanza kuchukua, maana ndege hao wakiondoka huko Agosti au Septemba baadhi yao huishia Afrika Mashariki. Mtoto anaweza kumuuliza babu kama wamefika.

Matofaa. Masomo ya Septemba hupenda kumtaja John Chapman, aliyeishi 1774 hadi 1845 na kujulikana kwa kupanda mitofaa. Kitabu kinachosema mbegu ya tofaa tamu huzaa tofaa tamu lilelile si sahihi. Miti ya mbegu hutofautiana na mama yake, na wakulima hupandikiza vijiti vya mti wanaoutaka. Mzazi aliyewahi kupandikiza miembe atalieleza hili vizuri kuliko kitabu.

Maboga. Tangu mbegu hadi kuvuna ni siku 90 hadi 120, kutegemea aina. Kitabu cha hatua za kukua kionyeshe ua dume, ua jike na nyuki. Vingi huruka kutoka ua hadi boga kana kwamba ni mazingaombwe. Mtoto wa nyumba inayopika boga kwa nazi na kuchuma majani yake kwa mboga atashangaa kuona boga zima likichongwa macho na kutupwa. Msifiche mshangao huo. Mwambie pia kwamba boga la kuchonga lina nyama yenye majimaji na nyuzi, na ladha yake ni hafifu. La kupika ni dogo, zito, na huuzwa kando.

Halloween na Siku ya Shukrani

Halloween huangukia 31 Oktoba. Familia nyingi za Kiislamu na baadhi ya Wakristo hawaishiriki, na kwa watu wengi wa kwetu uchawi si mzaha wa kuvalia kofia. Amueni nyumbani kabla ya Oktoba, kisha mwandikie mwalimu ujumbe mfupi: mtoto wetu hasomi vitabu vya Halloween, anaweza kusoma vya maboga na mavuno. Walimu wamezoea ombi hilo. Mtego uko kwenye majalada: kitabu chenye boga la kutabasamu mbele kinaweza kuwa na wachawi na mizuka kuanzia ukurasa wa 16. Kifungue katikati na kwenye kurasa mbili za mwisho kabla ya kukichukua.

Siku ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kama sheria ya Bunge la Marekani ilivyoweka mwaka 1941. Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Vitabu vyake ndivyo vinavyohitaji jicho kali kuliko vyote. Sikukuu hii huhusishwa na karamu ya 1621 ya walowezi wa Kiingereza huko Plymouth. Ilidumu siku tatu, na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliohudhuria wapatao 90, walileta kulungu watano. Angalia basi mambo haya. Je, kabila limetajwa kwa jina, au limeitwa "Wahindi" tu? Je, wamechorwa na mataji marefu ya manyoya na mahema ya ngozi, ambavyo ni vya watu wa nyanda za kati, mbali kabisa na Plymouth? Nyumba za Wawampanoag ziliitwa wetu, neno ambalo mtoto wa Kiswahili hatalisahau. Je, kitabu kinaishia kwenye pilau ya amani, bila neno juu ya ardhi iliyochukuliwa baadaye? Kwa darasa la awali, kitabu kinachozungumzia kushukuru na kula pamoja bila kugusa 1621 ni salama kuliko kinachosimulia vibaya. Kuanzia darasa la tatu tafuta kilichoandikwa na mwandishi wa mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Maelezo mafupi ya mwandishi kwenye jalada la nyuma hutaja taifa lake.

Usisahau sikukuu za majirani. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na sikukuu ya katikati ya vuli ya Wachina na Wavietnamu, yenye keki za mwezi, huwa Septemba au Oktoba mapema. Darasa la mtoto wako huenda lina wenzake wanaozisherehekea.

Ukurasa mmoja, lugha mbili

Tuseme ukurasa una picha ya msichana na baba yake wakikusanya majani kwa reki, na chini yake mistari miwili ya Kiingereza. Mtoto asome mistari hiyo kama ilivyo. Usiifasiri neno kwa neno, hasa kama ina vina. Vina vya Kiingereza vikifasiriwa hubaki mifupa. Kisha weka kidole kwenye picha na uulize kwa Kiswahili: hiki anachokishika ni nini? Reki. Hili je? Lundo. Jani lilishikwa wapi na mti? Kwenye kikonyo. Ukilikanyaga linafanyaje? Linachakarika. Likikaa hapo hadi mwakani litakuwa nini? Mboji. Mwisho mtoto asimulie ukurasa huo kwa Kiswahili akitumia maneno matatu kati ya hayo, hata kama sentensi zake zina Kiingereza ndani.

Maneno matatu kwa ukurasa, kurasa tatu kwa usiku. Ukizidisha hapo kitabu kinageuka mtihani na mtoto anakikimbia. Kitabu ambacho picha zake hazikupi hata maneno matatu ya kuuliza, kwa sababu kila ukurasa ni rangi tu na mhusika anayetabasamu, hakifai kusomewa, hata kikiuzwa sana.

Vitabu vya Kiswahili vya vuli ya kaskazini ni haba. Fidia kwa kuoanisha: kitabu cha Kiingereza cha mavuno na hadithi ya Kiswahili ya shamba, mvua au soko. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure za Kiswahili unazoweza kusoma kwenye simu au kuchapa, na Storybooks Canada imeweka hadithi kutoka hazina hiyo kwa lugha kadhaa, Kiswahili ikiwemo. Kwa vitabu vya lugha mbili vya kulipia, soma ukurasa mmoja kwa sauti kabla ya kununua na usikilize ngeli. "Majani kubwa nyekundu zinaanguka" ni ishara kwamba hakuna Mswahili aliyepitia. Mtoto husoma kosa hilo mara thelathini na kulikariri.

Vichache vya kununua

Azima vyote, nunua kimoja au viwili. Kinachostahili kununuliwa ni kile ambacho mtoto amekiomba tena baada ya kukirudisha, au kitabu cha kutambulia miti na ndege ambacho mtakitumia kila mwaka. Jalada gumu jipya huwa karibu dola 18 hadi 20, jalada laini dola 7 hadi 9. Kwenye mauzo ya vitabu vilivyotumika ya maktaba utapata kwa dola moja au mbili. Kwa vya maktaba hizo, kagua kama kurasa zote zipo, na tazama mwaka wa kuchapishwa kwenye ukurasa wa haki za nakala. Hadithi haizeeki haraka, lakini cha Siku ya Shukrani cha miaka ya 1970 kiache palepale. Vitabu vya kufungua vidirisha na vya kubandika stika usinunue vilivyotumika.

Mauzo ya vitabu ya shuleni, ambayo mara nyingi hufanyika Oktoba au Novemba, yana mapambo, kalamu na mabango mengi kuliko vitabu. Mpe mtoto kiasi kamili cha fedha kwenye bahasha na umwandikie juu yake jina la kitabu mlichokubaliana, la sivyo atarudi na kifutio chenye sura ya boga.

Ikifika Jumatatu ya wiki ya Siku ya Shukrani, rudisheni vya vuli na uweke oda ya vitabu vya theluji. Desemba mwanzoni vitakuwa vimekwisha.